Uzimulie kwa nazi, alizeti, ufuta au mafuta ya mgando? Ulinganisho kwa anayetumia mafuta ya kunukia ngozini

Chupa ndogo ya mafuta ya karafuu, mchaichai au mkaratusi haijatengenezwa ipakwe kama ilivyo. Mafuta haya hukenekwa kwa mvuke, na kinachobaki mwishoni ni ukali wa mmea mzima uliokusanywa mahali pamoja. Karafuu kavu kilo 1 hutoa mafuta gramu 150 hadi 200, kwa hiyo kijiko cha chai cha mafuta hayo kimebeba karafuu gramu 25 hadi 35. Hakuna anayesugua rundo hilo lote mkononi, lakini wapo wanaopaka kijiko kizima mgongoni kwa sababu kimiminika kinaonekana kidogo.

Ndiyo maana huzimuliwa katika mafuta mengine: nazi, alizeti, ufuta, zeituni, mnyonyo, shea, hata mafuta ya mgando. Yote hayo yanaweza kufanya kazi, ila hayafanyi kazi ileile. Lakini kabla ya kuchagua ya kuzimulia, lazima ujue mafuta yako makali yanahitaji kuzimuliwa kiasi gani. Hapo ndipo ngozi nyingi huungua, kwa sababu kanuni inayozunguka kila mahali, ya "asilimia 2 inatosha", ni sawa kwa lavenda na ni makosa kabisa kwa karafuu.

Ukali: kila mafuta na kipimo chake

Ukali wa juu kwa mtu mzima mwenye ngozi isiyo na kidonda, kwa mchanganyiko unaopakwa ukabaki ngozini:

| Mafuta makali | Ukali wa juu | Matone katika ml 30 |
|---|---|---|
| Karafuu (vikonyo, majani au karafuu yenyewe) | asilimia 0.5 | 3 |
| Mchaichai | asilimia 0.7 | 4 |
| Langilangi | asilimia 0.8 | 4 |
| Ndimu ya kukamuliwa ganda | asilimia 0.7 | 4 |
| Mnanaa wa peremende | asilimia 1 | 6 |
| Limau la kukamuliwa ganda | asilimia 2, usiku tu | 12 |
| Lavenda | asilimia 2 | 12 |
| Mkaratusi | asilimia 2 | 12 |
| Titrii (tea tree) | asilimia 2. Kwa chunusi hadi 5 | 12. Hadi 30 |

Matone hapa yamehesabiwa kwa tone 20 katika ml 1. Kwa uso, gawanya kwa mbili kila kipimo isipokuwa titrii ya chunusi.

Mafuta ya gome la mdalasini hayamo kwenye jedwali kwa makusudi. Yana kwa wingi kiini kikali kiitwacho sinamaldehaidi, na kiasi ambacho ngozi hukivumilia ni kidogo mno, chini ya asilimia 0.1, kiasi ambacho huwezi kukipima vizuri nyumbani. Yaache kabisa. Ukitaka harufu ya mdalasini, tumia unga wake kwenye singo, ule mchanganyiko wa kusugua mwili.

Karafuu inastahili maelezo zaidi kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi pwani. Mafuta yanayotoka Pemba, ambako kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, kimekuwa kikikeneka kwa miaka mingi, mengi hutokana na makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Mafuta ya makonyo yana yujenoli nyingi, mara nyingi kati ya asilimia 85 na 95. Ya karafuu yenyewe huwa na asilimia 70 hadi 90 na harufu laini zaidi, tamu kidogo. Yujenoli ndiyo inayoleta joto na ganzi ambayo mtu mwenye maumivu ya misuli anaitafuta, na hiyohiyo ndiyo inayounguza. Kwa hiyo ukiwa na chupa mbili, ya makonyo na ya karafuu, usidhani ya makonyo ni dhaifu kwa kuwa ni ya bei nafuu. Kwa ngozi ndiyo kali kuliko mwenzake. Kwa kuchua mwili, ya makonyo inatosha. Kwa mafuta ya kupaka yenye harufu nzuri, lipia ya karafuu.

Mchaichai una sitrali, mara nyingi asilimia 65 hadi 85, nayo huamsha mzio. Langilangi, ambayo Visiwa vya Komoro vimejulikana kwayo duniani kote, hukenekwa kwa saa nyingi na kuuzwa kwa madaraja kulingana na saa ambayo mafuta yalitoka. Daraja lolote lile, kwa ngozi kipimo ni kilekile. Watu wengi huitumia kwa wingi kwa sababu haichomi papo hapo. Mzio wake huja taratibu, baada ya wiki au miezi, na ukishaingia mwilini hauondoki: hata manukato yenye langilangi kidogo yataanza kukuwasha.

Ukichanganya aina mbili au tatu, jumla yake ndiyo ukali wa mchanganyiko, na kila moja isivuke kipimo chake. Na kama mbili kati yake zina kiini kimoja, kwa mfano karafuu na majani ya mdalasini ambayo pia yamejaa yujenoli, kipimo cha asilimia 0.5 ni cha zote mbili kwa pamoja, si 0.5 kwa kila moja.

Limau na ndimu zilizokamuliwa ganda zina viini vinavyoungana na jua na kuunguza ngozi. Aliyepaka asubuhi akatoka juani anaweza kupata malengelenge, kisha baka jeusi la miezi. Subiri kwa muda wa saa 12 kabla ya kuianika juani sehemu uliyopaka. Ndimu iliyokenekwa kwa mvuke haina tatizo hilo, wala chungwa tamu, kwa hiyo soma lebo uone mafuta yalitolewaje.

Kupima bila kubahatisha

Tone si kipimo imara. Kuna vifuniko vinavyodondosha matone 20 kwa ml 1 na dropa zinazotoa 30 au zaidi. Mafuta mazito hutoa tone kubwa, mepesi tone dogo. Kwa lavenda tofauti hiyo haina madhara makubwa. Kwa karafuu inaweza kukuvusha kutoka 0.5 hadi karibu 1.

Nunua duka la dawa bomba la sindano la ml 1, lisilo na sindano. Dondosha mafuta yako ndani yake ukihesabu hadi yajaze ml 1, kisha andika idadi hiyo kwenye lebo ya chupa. Tangu hapo unajua tone la chupa ile lina ujazo gani. Tumia bomba moja kwa aina moja ya mafuta na ulitupe. Mpira wake huvimba haraka ukiguswa na karafuu au limau, na linaanza kukwama.

Kwa dharura ya jikoni: tone 1 katika kijiko cha chai (ml 5) ni asilimia 1. Tone 1 katika vijiko viwili vya chai ni asilimia 0.5, nacho ndicho kipimo cha karafuu. Mgongo wa mtu mzima huchukua ml 10 hadi 15 za mchanganyiko, mguu mmoja kama ml 5. Usitengeneze nusu lita kwa kazi ya wiki moja.

Namna ya kutengeneza ni fupi. Chupa ya kioo cha kahawia ya ml 30 ioshwe, ichemshwe na ikauke kabisa, maana tone la maji likibaki ndani huharibu mafuta mapema. Jaza nusu kwa mafuta ya kuzimulia, tia matone, jazia yaliyobaki, funga, bingirisha chupa kati ya viganja kwa dakika moja. Bandika lebo: aina, ukali, tarehe. Iache usiku mmoja kabla ya kutumia ili harufu ikae sawa.

Mafuta ya kuzimulia

*Nazi.* Yanapatikana, yanadumu mwaka mmoja hadi miwili bila kuharibika kwa sababu mafuta yake mengi ni magumu kushambuliwa na hewa, na yanateleza vizuri mikononi. Kwa kuchua mwili kwa karafuu pwani, hakuna haja ya kutafuta mengine. Kasoro zake ni tatu. Ya kwanza ni baridi: huganda chini ya nyuzi 24 au 25, kwa hiyo Dar es Salaam na Mombasa ni maji karibu mwaka mzima, lakini Njombe, Nairobi, Kabale au Bukavu asubuhi utakuta yameshikamana. Yakiganda baada ya kuchanganya si tatizo kubwa. Kuyachanganya yakiwa yameganda ndilo tatizo, kwani matone hukaa upande mmoja na atakayechota hapo atapata karafuu kali. Weka chupa kwenye bakuli la maji moto mpaka yayeyuke, yapoe hadi vuguvugu, ndipo utie matone. Ya pili ni uso: mwenye chunusi mara nyingi huzidiwa, kwani yanaziba vinyweleo. Ya tatu ni mafuta ya nazi ya kupikwa nyumbani kwa tui. Harufu yake ni nzuri, lakini yasipopikwa hadi maji yote yaishe na chicha kuwa kahawia, unyevu unaobaki huyavundisha ndani ya wiki chache. Kama yanapiga chechechee yakipashwa moto, bado yana maji.

*Alizeti.* Haya ndiyo tunayoyapendekeza zaidi kwa matumizi ya kila siku mwilini, na yanadharauliwa kwa sababu yanakaa jikoni. Yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi huihitaji kujenga tabaka lake la juu. Utafiti uliofanyika Sheffield, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2013 ulilinganisha alizeti na zeituni kwenye ngozi ya watu wazima: zeituni yalilegeza tabaka la juu na kuleta wekundu kidogo, alizeti yaliliacha imara na kulipa unyevu. Mafuta yaliyosafishwa ya dukani yanafaa vizuri kwa sababu hayana harufu ya kushindana na lavenda. Ya kukamuliwa Singida au Dodoma yana harufu na rangi zaidi. Yachuje kwa kitambaa safi na uyaache yatulie siku mbili, maana machicha yanayobaki chini ndiyo yanayoharibika kwanza. Udhaifu wa alizeti ni huo: hayadumu. Chupa ikishafunguliwa panga miezi 3 hadi 6, na mahali penye joto jiwekee ile 3. Tengeneza kidogo kidogo.

Angalizo kwa mnunuzi: kuna alizeti zenye asidi ya oleiki nyingi, zilizokuzwa hivyo ili mafuta yadumu kwenye kukaangia. Yanadumu kweli, lakini faida ile ya linoleiki hupungua. Lebo huandika.

*Ufuta.* Yako katikati: oleiki na linoleiki karibu sawa, na ndani yake kuna vizuizi vya asili vinavyoyafanya yasiharibike haraka kama alizeti. Ni mazito kidogo, yanaingia polepole, kwa hiyo yanampa mchuaji muda mrefu kabla mikono haijakauka. Kwa misuli ya mguu na kiuno ndiyo bora kuliko yote katika orodha hii. Hakikisha ni ya ufuta mbichi uliokamuliwa bila kukaangwa, yenye rangi ya dhahabu hafifu. Yale ya kahawia yenye harufu ya ufuta wa kukaanga ni ya chakula na yatazima harufu nyingine yoyote. Mwenye mzio wa ufuta asiyaguse.

*Zeituni.* Yanapendwa sana, na kwa wengi yana heshima ya kidini pia. Kwa mtu mzima mwenye ngozi nzima, kuchua mara moja kwa wiki hakuna shida. Lakini kama yanavyolegeza tabaka la juu, ndivyo yanavyofungulia njia mafuta makali yaliyomo. Mwenye ukurutu, na mtoto mchanga, wasizimuliwe kwa zeituni. Hapo hatuoni sababu ya kusitasita.

*Mnyonyo.* Mazito mno kupaka peke yake. Kwa nywele na nyusi changanya sehemu 1 ya mnyonyo na sehemu 3 za nazi au alizeti, ndipo utie mafuta makali kwa kuhesabu ujazo wote. Kwa kuchua mwili hayafai, yananata.

*Shea na ubuyu.* Shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi na huyeyuka viganjani. Inafaa visigino, viwiko na ngozi iliyopauka kwa baridi. Iyeyushe ndani ya bakuli lililowekwa juu ya maji moto, si kwenye moto wenyewe. Iache ipoe hadi iwe vuguvugu na kuanza kufifia, ndipo utie matone na kukoroga mpaka ishikamane. Ukitia ikiwa ya moto, sehemu ya harufu inaondoka na mvuke. Mafuta ya ubuyu yaliyokamuliwa bila moto ni mazuri kwa ngozi kavu, ila ghali, na harufu yake ya njugu si kila mtu ataipenda. Yazimue zaidi kwa alizeti, nusu kwa nusu.

*Jojoba na lozi.* Jojoba kwa hakika ni nta iliyo kimiminika, haiharibiki kwa miaka, na uso wenye chunusi huivumilia vizuri. Kama una uwezo wa chupa ndogo moja ya kuagiza, iwe hii, na uitumie usoni tu. Lozi ni laini na ya kawaida kwa wachuaji, lakini alizeti hufanya kazi hiyohiyo kwa sehemu ndogo ya bei.

*Mafuta ya mgando.* Vaselini na wenzake hayaharibiki, huleta mzio mara chache sana, na yapo kila duka. Lakini kuna jambo linalosahaulika. Mafuta makali yakiwa kwenye alizeti sehemu kubwa hupaa hewani baada ya kupaka. Yakiwa kwenye mgando yanafungiwa dhidi ya ngozi na kuingia zaidi. Kwa hiyo punguza ukali hadi nusu: karafuu tone 2 au 3 katika gramu 50, si 5. Hali kadhalika ukifunga sehemu kwa bendeji, nailoni au kitambaa cha moto juu ya mafuta yoyote. Mtu anaweza kuungua hata na karafuu yenye kipimo sahihi akipaka, akafunga, akalala.

Vitu visivyozimua

Maji hayazimui. Mafuta makali huelea juu yake, na karafuu, iliyo nzito kuliko maji, huzama chini. Ukidondosha kwenye beseni la kuogea, mtu anakalia matone yasiyozimuliwa, na sehemu zinazoguswa kwanza ndizo zenye ngozi laini kuliko zote. Maziwa, asali na chumvi havisaidii kama wengi wanavyoamini. Kwa kuoga, changanya kwanza kwenye kijiko cha mezani cha mafuta ya kuzimulia, au tia matone 5 ya lavenda katika kijiko cha mezani cha sabuni ya maji isiyo na harufu, kisha koroga ndani ya maji. Karafuu, mchaichai na mnanaa visiingie kwenye maji ya kuoga kabisa.

Jeli ya mshubiri ni maji pia. Inaonekana imechanganyika kwa sababu ni nzito, lakini ndani yake kuna vijitone vilivyotawanyika, kila kimoja kikali kamili. Losheni isiyo na harufu ni bora kuliko jeli kwa kuwa tayari ina mafuta na kiunganishi. Inabeba asilimia 1 bila kukatika. Ikikatika na kuwa kama maziwa yaliyoganda, itupe.

Chagua kwa kazi

Misuli inayouma na mgongo: ufuta, karafuu asilimia 0.5, na kama unapenda ubaridi ongeza mnanaa asilimia 1. Joto jepesi baada ya dakika 5 hadi 10 ni la kawaida. Kuwasha, kuchoma au wekundu unaopanda si dalili kwamba dawa inafanya kazi. Futa mara moja.

Chunusi: jojoba au alizeti, titrii. Mwaka 1990 huko Australia watu 124 walilinganishwa, wengine wakitumia jeli ya titrii asilimia 5, wengine benzoili peroksaidi, dawa ya kawaida ya chunusi, asilimia 5. Zote mbili zilipunguza chunusi. Titrii ilichelewa kuanza, lakini walioitumia walisumbuliwa na ukavu na kuwasha kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Anza na asilimia 2 kwa wiki mbili, ndipo upande hadi 5 ngozi ikikubali. Paka kwenye chunusi, si uso mzima. Ngozi nyeusi ikiungua huacha doa jeusi linalokaa muda mrefu kuliko chunusi yenyewe, kwa hiyo haraka hapa inagharimu.

Mba: hapa tunashauri usizimulie kwa mafuta kabisa. Kuvu wa mba hula mafuta mengi ya mimea, na kichwa kilicholoweshwa nazi kila usiku kinaweza kuzidi. Titrii iwe kwenye shampuu, ml 5 katika ml 100, tikisa kila unapotumia, iache kichwani dakika 3, suuza vizuri usiingie machoni.

Mbu: mchaichai na jamaa yake sitronela hufukuza mbu kwa muda mfupi tu, kwa kuwa hupaa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulikuta bidhaa za sitronela zikikinga kwa wastani wa chini ya dakika 20, wakati dawa yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, karibu asilimia 24 ilikinga zaidi ya saa 5. Mahali penye malaria, mafuta haya yawe nyongeza ya harufu kibarazani jioni. Kinga iwe chandarua chenye dawa na dawa ya kupaka iliyothibitishwa.

Harufu ya mwili na ya harusi: hapa njia ya zamani ya pwani mara nyingi inashinda. Asumini na langilangi zilizolowekwa katika mafuta ya nazi hutoa harufu bila ukali wa mafuta yaliyokenekwa. Maua yawe yamenyauka kivulini nusu siku ili maji yapungue, yalowekwe siku mbili, yachujwe, yawekwe mengine mapya, mara tatu au nne. Tatizo la kawaida ni maua mabichi yenye umande: mafuta hupata ukungu. Ila usidhani kuloweka ni salama kwa kila kitu. Karafuu gramu 10 zilizochemshwa taratibu katika mafuta ml 100 zikitoa nusu tu ya mafuta yake, tayari umefika karibu asilimia 0.75 hadi 1, juu ya kipimo. Tumia gramu 3, kama kijiko cha chai kimoja na nusu cha karafuu nzima, na hutavuka sana hata zikitoa zote.

Kujaribu, watoto, na ajali

Jaribu mchanganyiko uliokwisha kuzimuliwa, si mafuta makali yenyewe. Paka tone kwenye kunjo la kiwiko asubuhi na jioni, mahali palepale, kwa siku 7. Jaribio la usiku mmoja hukamata kuungua, halikamati mzio, kwa sababu mzio wa ngozi unaweza kujitokeza siku ya pili hadi ya nne au baadaye. Kuwasha, vipele au wekundu ukitokea, acha.

Mtoto chini ya miezi 3: usimpake mafuta makali yoyote. Toka hapo hadi miaka 2, asilimia 0.25 ya lavenda inatosha, na karafuu isiguswe. Mkaratusi na mnanaa visipakwe usoni wala kifuani karibu na pua kwa mtoto mdogo. Mentoli ya mnanaa na sineoli ya mkaratusi zinaweza kumbana pumzi. Kwa mtoto mchanga kuna hatari nyingine: mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida katika nchi zenye malaria, anaweza kupata umanjano mkali kutokana na mentoli na kafuri. Wazazi wengi hawajui kama mtoto anayo. Mjamzito akae chini ya asilimia 1, asitumie miezi mitatu ya kwanza, na amwambie mkunga anachopaka.

Ngozi ikianza kuchoma, maji matupu hayatoi mafuta. Futa kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya kula, kisha osha kwa sabuni na maji vuguvugu. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 na uende hospitali. Mtoto akimeza, usimtapishe. Mpeleke hospitali pamoja na chupa. Mkaratusi ml 5 tu, kijiko cha chai, unaweza kumletea degedege na kumzimisha, kwa hiyo chupa zikae juu, zikiwa na kifuniko cha usalama.

Kununua na kutunza

Chupa nzuri imeandikwa jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika (jani, ua, ganda, konyo), namna mafuta yalivyotolewa na namba ya toleo. Iliyoandikwa tu "mafuta ya waridi" kwa bei ya soda ni manukato ya kutengenezwa. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na uliache hadi kesho: likibakiza duara la mafuta linalopitisha mwanga, limechanganywa na mafuta ya kupikia. Jaribio hili halikamati manukato ya maabara, na mafuta mazito kama karafuu hukawia kukauka, kwa hiyo uyape siku mbili kabla ya kuhukumu.

Titrii, limau na ndimu zitumike ndani ya mwaka mmoja tangu kufunguliwa. Zikikutana na hewa hugeuka na kuleta mzio hata kwa mtu aliyezizoea. Lavenda nayo hugeuka hivyo, ila huchukua muda mrefu zaidi, karibu miaka miwili. Karafuu hudumu miaka mitatu au zaidi. Chupa ikifika nusu, hamishia kwenye chupa ndogo ili hewa ndani ipungue. Usiiache kwenye gari, na usiweke karafuu ndani ya plastiki laini, huila. Mchanganyiko uliotengeneza kwa alizeti unuse kabla ya kila matumizi baada ya miezi 2: ukisikia harufu ya rangi ya mafuta au ya njugu zilizokaa sana, umwage na uoshe chupa kwa sabuni ya moto kabla ya kuijaza tena.